Muungo wa Atomu na Sifa za Mango: Mfano wa Dhahabu ya Ituri

Katika Kiswahili chuma hufuliwa, ilhali jiwe hupondwa. Vitenzi hivi viwili havibadilishani nafasi, na sababu yake haimo katika lugha peke yake. Imo katika muungo, yaani nguvu inayozishikamanisha atomu, na katika mpangilio wa atomu hizo ndani ya mango (maada yabisi).

Mfano ulio bora unapatikana Ituri, ambako dhahabu iligunduliwa katika eneo la Kilo mwaka 1903. Huko Mongbwalu, kaskazini-magharibi mwa Bunia, wachimbaji wadogo hutwanga jiwe lenye dhahabu katika kinu cha chuma. Pigo la mchi ni lile lile, matokeo ni mbalimbali: kwatzi, lile jiwe jeupe libebalo dhahabu, husagika ikawa unga, chembe ya dhahabu hubonyea tu, ikawa bapa.

Katika kwatzi kila atomu ya silikoni imeungana na atomu 4 za oksijeni kwa jozi za elektroni zinazomilikiwa kwa ubia, na kila muungo una mwelekeo wake maalumu. Ndiyo maana kwatzi hukwaruza kioo. Lakini muungo wa namna hiyo haukubali kupindwa. Pigo likizidi hukatika, na ufa huenea. Dhahabu ni kinyume chake. Kila atomu imezungukwa na nyingine 12, na elektroni za nje si mali ya atomu yoyote, bali huzagaa katika kipande chote. Tabaka moja la atomu likiteleza juu ya jingine, elektroni hizo huendelea kuyashikamanisha. Kwa hiyo gramu 1 ya dhahabu huweza kufuliwa hata ikawa bamba la karibu mita 1 ya mraba. Elektroni hizo hizo ndizo zipitishazo umeme.

Hapa neno "ngumu" hupotosha. Kwatzi ni ngumu kukwaruzwa lakini ni rahisi kupasuka. Dhahabu hukwaruzwa kwa kisu lakini haipasuki kwa nyundo. Mwalimu anayetumia neno moja kwa sifa zote mbili huwachanganya wanafunzi wake, hali vitenzi "kufulika" na "kupasuka" vipo tayari.

Tofauti hii si ya darasani tu. Piriti, madini ya chuma na salfa, hung'aa kwa rangi ya manjano na imewadanganya wengi. Ikipigwa nyundo huvunjika vipande na kutoa harufu ya salfa. Tena sentimita 1 ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, ya piriti, kama gramu 5 tu.

Zebaki nayo ni metali, ila muungo wa atomu zake ni hafifu, hata ikawa kimiminika katika joto la kawaida na kuchemka katika nyuzi 357 za Selsiasi. Dhahabu haiyeyuki mpaka nyuzi 1,064. Wachimbaji hutumia tofauti hiyo: hunasa vumbi la dhahabu kwa zebaki, kisha huuchoma mchanganyiko, zebaki ikaruka na dhahabu ikabaki. Mvuke unaoruka huingia mapafuni, hudhuru ubongo na neva, nao hauna harufu ya kumwonya anayechoma, wala mtoto aliyeketi karibu na jiko.