Nyumba ya Desemba: Familia inaifungua mara moja kwa mwaka, panya wanaishi humo miezi 11

Ukitembea Endagikot mwezi Juni, baridi ya Mbulu ikiwa imekolea, utaziona bila kuulizia. Nyumba ya matofali ya kuchoma, bati la rangi, madirisha ya vioo, kufuli kubwa getini, na majani yaliyofika magotini kuanzia getini hadi barazani. Mwenyewe yuko Dar es Salaam, au Arusha, au Dodoma. Atakuja Krismasi na watoto, atakaa siku kumi au kumi na mbili, atachinja mbuzi, atasali na wazazi, atapita makaburini, kisha Januari shule zikikaribia kufunguliwa atarudisha kufuli mahali pake.

Hiyo ndiyo nyumba ya likizo ya Mtanzania wa kawaida. Kuna watu duniani wana nyumba ya ufukweni. Sisi tuna nyumba ya kwetu. Wachaga ndio wanaotaniwa zaidi kila Desemba barabara ya Moshi inapojaa magari, lakini Wairaqw wa Mbulu, Wapare na Wahaya nao hawako nyuma. Wala siyo ujinga. Nyumba ya kwenu ni heshima, ni pa kufikia siku ya msiba, ni pa kurudi ukistaafu. Simwambii mtu asijenge kwao. Ninachouliza ni kuhusu ile miezi mingine kumi na moja.

Kwa sababu katika miezi hiyohiyo, muuguzi aliyepangiwa zahanati anazunguka kuuliza chumba. Mwalimu mpya naye anazunguka. Nyumba za watumishi ni chache, na za kupanga zenye choo kinachoeleweka, maji na umeme ni chache zaidi. Basi mtumishi anapanga mbali na kituo, asubuhi anakuja na bodaboda. Mama akishikwa uchungu saa nane za usiku, mvua inanyesha na barabara imegeuka tope, umbali huo ndio unaoamua mengi. Na huenda mama huyo ni mke wa mdogo wako, anayeishi hatua mia mbili kutoka kwenye geti lako lililofungwa.

Nyumba isiyo na mtu haikai tupu

Wengi hukataa kupangisha kwa hoja moja: mpangaji ataiharibu nyumba. Wapo wanaoharibu, hilo halina ubishi. Lakini mtu anayelala ndani ya nyumba huona bati lililofunguka siku ileile, husikia bomba linalovuja, hufungua madirisha hewa ikapita. Nyumba iliyofungwa haina wa kumwambia mwenyewe. Tundu dogo la kwenye bati mvua za Machi, ikifika Desemba ukuta mzima umeota ukungu, na chumba hichohicho ndicho atakacholazwa mtoto mwenye pumu aliyetoka mjini.

Halafu kuna mahindi. Ndugu aliyeachiwa ufunguo anaona chumba kizuri kikavu, hakina mtu, kwa nini asiweke magunia yake? Wengine huweka vitunguu saumu, zao ambalo Mbulu inajulikana nalo. Simlaumu, na mimi ningeweka. Lakini nafaka katika nyumba isiyo na mtu wala paka ni mwaliko kwa panya, na panya wa Mbulu si jambo la kucheka. Wilaya hii ni miongoni mwa maeneo ya nchi yanayojulikana kwa ugonjwa wa tauni. Mwaka 2007 tauni ilizuka Mbulu, na watafiti wakaja kuwachunguza panya na wanyama wengine wadogo ili kujua nani anauhifadhi ugonjwa huo.

Bakteria wa tauni hubebwa na viroboto wa panya. Panya anapokufa, viroboto wake hutafuta damu kwingine, na aliye karibu ni binadamu. Ndiyo maana wataalamu husisitiza viroboto wauawe kwanza kwa dawa, kisha ndiyo panya. Ukianza na sumu ya panya umewafungulia viroboto mlango. Dalili za kuangalia ni homa ya ghafla, kichwa, uchovu mkali na tezi zilizovimba na kuuma kinenani, kwapani au shingoni, ile ambayo wengi huiita mitoki. Ugonjwa unatibika kwa dawa za kuua bakteria, ila mgonjwa awahishwe, akichelewa unaua. Panya pia hueneza homa ya mgunda kupitia mkojo wake. Hiyo ndiyo iliyoshtua nchi Julai 2022 huko Ruangwa, mkoani Lindi, ilipoua watu watatu kabla haijajulikana ni nini.

Sasa fikiria tunavyofungua nyumba hizi. Gari linasimama jioni, watoto wamechoka, mama anachukua ufagio na kuanza kufagia vumbi na vinyesi vya panya huku mlango umefungwa kwa ajili ya baridi. Vumbi lile lote linaingia kifuani.

Fanya hivi badala yake. Fungua milango na madirisha, kaeni nje walau nusu saa. Vaa glavu na barakoa. Vinyesi vya panya usivifagie vikiwa vikavu. Vimwagie maji yenye dawa ya klorini, zile za kufulia nguo nyeupe zinafaa, subiri dakika kama kumi, kisha futa kwa tambara na ulitupe. Kama darini kuna popo, usimtume kijana kwenda kukwangua kinyesi chao bila kinga, nacho kina vimelea vyake vya mapafu. Ukikuta panya kadhaa wamekufa bila kuwekewa sumu, msiwaguse kwa mkono, mwite afisa afya wa kata. Maji yaliyolala kwenye tangi tangu Januari yamwagwe yote, tangi lisuguliwe, na mabomba yaachiwe yatiririke kabla mtu hajanywa wala kuoga.

Yote haya mpangaji angekuwa ameyamaliza kwa kuishi tu.

Umpangishe nani

Kuna vijana wa mjini watakwambia uiweke nyumba mtandaoni ipangishwe kwa siku, kama Airbnb, kampuni iliyoanza San Francisco mwaka 2008. Karatu iko jirani, watalii wa Ngorongoro wanapita kila siku, kwa nini wasifike Mbulu? Labda wachache watafika. Lakini mgeni wa siku mbili anahitaji mtu wa kumpokea, kubadilisha mashuka, kusafisha kila anapoondoka, na leseni ya kulaza wageni, wakati wewe uko Mbezi au Sinza. Hata huko biashara hiyo ilikoshamiri wameanza kuichoka: Barcelona, Hispania, ilitangaza mwaka 2024 kwamba hadi kufikia 2028 itaondoa vibali vya nyumba za kupangisha watalii, zaidi ya 10,000, kwa sababu wenyeji wamekosa pa kuishi kwa bei wanayoimudu.

Kwa Endagikot, mimi ningetafuta mtumishi: muuguzi, mganga, mwalimu, afisa ugani. Ana mshahara, ana mwajiri anayejulikana, na anataka kukaa muda mrefu. Mwalimu ana faida nyingine ambayo watu hawaifikirii. Shule hufungwa Desemba mapema na kufunguliwa Januari, kwa hiyo wiki unazozihitaji wewe ndizo ambazo yeye naye amekwenda kwao. Muuguzi si hivyo. Krismasi inaweza kumkuta zamu.

Lakini usifanye kosa la kudhani kwamba mwalimu akiondoka nyumba inarudi kuwa yako. Amelipa mwezi huo. Vyombo vyake vimo, kitanda chake kimo. Kumfungulia shangazi chumba cha mwalimu alale humo kwa sababu ni Krismasi ni kumkosea, hata kama nyumba umeijenga kwa jasho lako. Kama unahitaji nafasi Desemba, itenge tangu mwanzo: chumba kimoja au viwili vyenye mlango wake na ufunguo wake, viwe nje ya mkataba. Au kubalianeni kwa maandishi kwamba nyumba nzima itakuwa yako kuanzia tarehe fulani hadi fulani, na kwa mwezi huo hatadaiwa kodi. Vyumba mtakavyojitengea hakikisheni mpangaji ana ruhusa ya kuvifungua madirisha mara moja kwa wiki, la sivyo panya watahamia humo humo.

Kabla ya kukabidhi ufunguo

Hapa ndipo familia nyingi hukwama, na siyo kwenye bei. Nyumba ni ya nani? Ukisema umejenga wewe, kaka yako atakwambia kiwanja ni cha baba. Dada atakumbusha kwamba mabati ya upande wa jikoni alinunua yeye. Mama, kama yupo, anaweza asiseme kitu kabisa, ila akaona haya kwamba watu watasema watoto wake wameshindwa maisha hadi wanapangisha nyumba ya kwao.

Anza na mama. Siyo kwa simu, subiri ufike. Ni yeye atakayekuwa jirani na mpangaji, ni yeye atakayeulizwa chumvi na kiberiti, na kwa kweli ni yeye atakayefaidika kwanza ikiwa aliyepangishwa ni muuguzi anayejua kupima presha. Baadhi ya wazazi hawakatai nyumba kupangishwa, wanakataa kuambiwa baada ya wengine.

Kuna na upande wa sheria. Kama ni nyumba wanayoishi baba na mama na iko kwa jina la mmoja wao, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza kuiuza, kuitoa zawadi, kuiweka rehani au kuipangisha bila ridhaa ya mwenzake. Kama baba amefariki na mirathi haijafunguliwa, hakuna mtoto mwenye mamlaka ya kusaini peke yake, hata yule wa kwanza. Mteueni msimamizi wa mirathi mahakamani kwanza. Nimesikia mara nyingi mno ugomvi wa ndugu ulioanzia kwenye kodi ya miezi sita iliyoliwa na mmoja.

Kubalianeni pesa zinaenda wapi kabla hazijaja. Pendekezo langu ni zikate bima ya afya ya wazazi, zinazobaki zirekebishe nyumba. Na muulizeni vizuri yule ndugu mwenye ufunguo. Si ajabu mkakuta nyumba imeshapangishwa siku nyingi, ni ninyi tu wenye nyumba ambao hamkuambiwa.

Mkataba uwe wa maandishi, mashahidi wawepo, na ofisi ya serikali ya mtaa ipewe taarifa kwamba kuna mkazi mpya. Uandike kodi ni kiasi gani na inalipwa kwa miezi mingapi. Kumdai mwalimu aliyeajiriwa juzi kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo ni kumfukuza. Miezi mitatu mitatu inatosha. Uandike nani analipia choo kikijaa, nani analima ile sehemu ya shamba iliyo nyuma ya nyumba, na kama makaburi ya familia yapo uani, kwamba ndugu wana haki ya kuyafikia siku yoyote.

Uandike pia umeme. Kodi ya jengo siku hizi hukatwa kwenye LUKU, na tangu Julai 2023 ni Sh1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida yenye mita. Nyumba ikikaa miezi 11 bila kununuliwa umeme, deni linajikusanya, na siku unayofika na kununua linakatwa: Sh16,500 kabla taa haijawaka. Nyumba ikiwa na mpangaji, yeye ndiye anayekatwa kila mwezi, lakini kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mrudishieni kwa kuipunguza kwenye kodi ya pango. Na kama aliyepanga ni taasisi au kampuni, itazuia asilimia 10 ya kodi na kuipeleka TRA, msije mkadhani mmeibiwa.

Jambo la mwisho la kumwonyesha mpangaji, hasa kama ametoka Pwani au Kanda ya Ziwa, ni dirisha la chumba cha kulala na jinsi linavyofunguka. Baridi ya Mbulu ya Juni na Julai humfanya mtu aingize jiko la mkaa chumbani na kuziba kila tundu kwa nguo. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina rangi wala harufu. Mtu huanza na kichwa na kizunguzungu, anafikiri ni usingizi, analala. Nanyi wenye nyumba mkija Desemba na watoto wasiozoea ubaridi wa usiku, sheria ni hiyohiyo: jiko linalala nje, blanketi linaongezwa.