Mwanao Anapotaka Kununua Pikipiki ya Kwanza

Leo nazungumza na mama, nyanya, shangazi au mlezi yeyote mwenye kijana nyumbani aliyekwisha kusema: "Mama, nataka kununua pikipiki nifanye bodaboda."

Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo zisizozidi 250cc, na tangu wakati huo kazi hii imekuwa riziki ya vijana wengi kutoka Mwembe Tayari hadi kivukoni Likoni. Ni kazi ya halali. Lakini mara nyingi pesa za kuanzia hutoka kwa mama: zamu yake ya chama, bangili aliyoiuza, au mkopo kwa jina lake. Kwa hivyo neno lako lina uzito kabla pesa hazijatoka mkononi. Litumie wakati huo.

Jambo la kwanza: bei ya pikipiki si ile ya dukani peke yake. Ongeza mafunzo na leseni, helmeti mbili, bima, na akiba ya matengenezo. Kama pesa hazitoshi vyote hivi, basi pikipiki bado haijapatikana. Ngojeni miezi michache.

Tuanze na mafunzo. Kijana awe ametimiza umri unaotakiwa na sheria, na ajifunze katika shule ya udereva iliyosajiliwa na NTSA. Kufundishwa na rafiki jioni moja uwanjani hakutoshi. Kuendesha mbele ni rahisi. Kazi ni kusimama ghafla bila kuanguka, na kukata kona ukiwa umebeba mtu.

Helmeti ni ya pili. Ubongo ni laini, nao umefungiwa ndani ya fuvu gumu. Ukigongwa, huvimba au huvuja damu, na hauna nafasi ya kutanukia. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 70, na hatari ya kufa kwa karibu asilimia 40. Nunua yenye alama ya KEBS. Mwanao aivae, afunge mkanda, kisha atikise kichwa. Ikicheza, ni kubwa mno. Chini ya kidevu vidole viwili tu ndivyo vipite. Iliyowahi kuanguka katika ajali isivaliwe tena, hata kama haionyeshi ufa.

Kwa nini mbili? Kwa sababu sheria ya barabarani, tangu marekebisho ya 2012, inamtaka mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti na jaketi la kung'aa, na abiria awe mmoja tu. Mama unayevaa mtandio, helmeti hukaa vizuri juu ya mtandio mwepesi uliobana, usio na pini wala fundo.

Bima ni ya tatu. Bima ya lazima ni ya kulipia watu wengine watakaoumizwa na pikipiki. Haimtibu mwendeshaji mwenyewe. Kwa hivyo hakikisha kijana amejisajili na kulipa mchango wa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Sasa twende kuchagua. Kijana akiketi juu ya pikipiki, nyayo zake zote mbili zifike chini. Kwa anayeanza, injini ya 100cc hadi 125cc yatosha kwa mizunguko ya kisiwani. Kama ni ya mitumba, nambari ya injini na ya fremu zilingane na hati ya usajili, na umiliki uhamishwe kwa jina lenu. Nendeni na fundi mnayemwamini, aangalie breki, tairi na taa. Kwetu hapa hewa ya bahari ina chumvi, hivyo cheni na nyaya za breki hushika kutu mapema. Zioshwe kwa maji baridi na kutiwa mafuta mara kwa mara.

Kuna jambo la mkopo. Wengi huchukua pikipiki kwa kulipa kila siku. Deni likiwa kubwa, kijana hutoka alfajiri na kurudi usiku wa manane, na usingizi humchukua akiwa njiani. Kabla ya kutia sahihi, piga hesabu: je, anaweza kulipa akifanya kazi saa nane hadi kumi, na kupumzika siku moja kwa wiki? Kama hawezi, mkopo huo ni hatari kwa afya yake.

Mwambie pia kuhusu mwendo. Pikipiki ya kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kwa sekunde moja. Ikiwa kilomita 30, ni kama mita 8. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, Kibokoni au Ndia Kuu, mlango wa nyumba hufungukia njiani, na watoto hutoka mbio kwenda madrasa. Huko kijana aende taratibu kabisa, hasa mvua inaponyesha na njia inateleza.

Pikipiki ikiwa nyumbani, bomba la moshi hubaki moto muda mrefu baada ya kuzimwa. Iegesheni mbali na watoto. Mtoto akiungua, mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi na umpeleke kliniki. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Nawe unapopanda, kusanya buibui na leso uzikalie, zisinaswe na gurudumu. Mtoto asikalishwe mbele juu ya tangi.

Ajali ikitokea, piga 999 au 112, au Msalaba Mwekundu 1199. Usimvute majeruhi, usimnyweshe maji, wala usimpakie katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine, kwani shingo ikiwa imevunjika anaweza kupooza. Kama anapumua vizuri, mwachie helmeti yake. Panapovuja damu, gandamiza kwa leso safi. Hata aliyeinuka mwenyewe mwangalie kwa siku mbili. Akitapika, akisinzia kupita kawaida, akichanganyikiwa, akiumwa na kichwa kinachozidi, au akitoka damu au maji masikioni, mpeleke Hospitali Kuu ya Pwani mara moja.

Kwa kumalizia, kumbuka haya:

1. Mafunzo na leseni kabla ya pikipiki.
2. Helmeti mbili zinazobana, mkanda umefungwa.
3. Bima na SHA zimelipwa.
4. Mkopo unaoruhusu mapumziko.
5. Abiria mmoja, na mwendo wa pole mitaani.

Mama, kinga ni bora kuliko tiba. Zungumza na kijana wako leo, kabla hamjaenda dukani.