Deki ya Mikanda na Diski Nyumbani Mwetu

Waswahili husema akiba haiozi. Methali hiyo ni ya kweli kwa mambo mengi, lakini si kwa mikanda ya video. Katika nyumba nyingi za Uvira, tangu Kavimvira hata Kalundu, imo mikanda ya ndoa, ya Komunyo ya kwanza, ya upadrisho, na pengine ya mazishi ya wazee wetu. Humo sauti ya babu aliyekwisha kufariki bado yasikika. Mikanda hiyo yaharibika polepole kwa joto, vumbi na unyevu wa ziwa, na wenyewe hawana habari.

Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza kuwa Wenye heri Wasaveriani watatu, Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, pamoja na Padre Albert Joubert, waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964. Kanisa halikuwasahau kwa miaka karibu 60. Je, sisi tutawasahau wazazi wetu kwa uvivu tu?

Chombo cha kutusaidia ni ile deki yenye milango miwili, mmoja wa mkanda, mwingine wa diski. Mikanda ya namna ya VHS ilianza kuuzwa Japani mwaka 1976, na diski za DVD mwaka 1996. Deki hiyo iliundwa ili watu waliozoea mikanda wapate kutazama na diski pia. Lakini mwezi wa Julai 2016 kampuni ya Funai ya Japani iliacha kuunda deki za mikanda. Tangu hapo twategemea zile za zamani, na mkanda usio na deki ni kama kufuli lisilo na ufunguo.

Kwanza, tazameni umeme. Deki iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani mara nyingi hutaka volti 120, nasi twatumia 220. Ukiichomeka bila kifaa cha kupunguza nguvu, yaweza kuungua papo hapo. Umeme ukikatika mkanda ukiwa ndani, msiuvute kwa nguvu, maana utepe umezungushwa katika kichwa cha mashine. Ngojeni umeme urudi, ndipo mwutoe.

Pili, uchunguzeni mkanda kabla ya kuutia. Ukiona ukungu mweupe juu ya utepe, usiucheze, kwa sababu utachafua mashine, na mashine itachafua mikanda mingine. Upelekeni kwa fundi. Na kama picha zaonekana bila rangi, msikate tamaa. Zaire na Burundi zilifuata mtindo wa rangi uitwao SECAM, bali Tanzania ilifuata PAL. Mkanda wa mtindo mmoja waweza kupoteza rangi katika mashine ya mtindo mwingine, ingawa wenyewe ni mzima.

Tatu, ubavuni mwa mkanda pana kijibati kidogo cha plastiki. Kivunjeni, na deki haitaweza kurekodi juu yake. Ndoa ngapi zimefutwa na mchezo wa mpira kwa kukosa tendo hili dogo!

Sasa lililo kubwa: hamisheni mikanda katika diski. Si kila deki ya milango miwili yaweza kunakili. Nyingi huonyesha tu. Inunueni ile inayorekodi diski, au iazimeni. Kunakili mkanda wa saa mbili huchukua saa mbili, basi jamaa yote ikae pamoja na kutazama. Hapo wazee wataje majina ya watu wanaoonekana, na mwanafunzi ayaandike pamoja na mahali na mwaka, kwani mali bila daftari huisha bila habari.

Diski nayo si ya milele. Ishikeni pembeni, ifuteni kwa kitambaa laini toka katikati kwenda ukingoni, wala msiiache juani. Fanyeni nakala mbili, na moja ikae kwa ndugu anayekaa mbali na mto. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika, watu walikufa na maelfu ya nyumba zikabomoka. Waliookoka walipoteza vitanda na sufuria, na tena picha za marehemu wao, ambazo hazinunuliwi sokoni.

Papa Pius XII, katika barua yake Miranda Prorsus ya mwaka 1957, aliwakumbusha wakubwa wajibu wao juu ya sinema, redio na televisheni. Yeye ndiye aliyemweka Mtakatifu Klara kuwa msimamizi wa televisheni, kwa kuwa yasimuliwa kwamba Klara, akiwa mgonjwa kitandani, aliiona Misa ya Noeli ukutani mwa chumba chake. Basi wazazi, msiiache deki mikononi mwa watoto wacheze diski yoyote iliyookotwa sokoni. Mlango ule uingizao matusi na mauaji ndio uwezao kumwonyesha mtoto ubatizo wa mama yake.

Hapana budi kuanza mapema. Chagueni mkanda mmoja, ule wenye sauti ya mtu msiyeweza kumsikia tena popote, mkauokoe huo kwanza.