Kitufe cha Kuzima Intaneti Kiko Wapi?

Machi 2021, Roskomnadzor, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini Urusi, iliamua kuupunguzia kasi mtandao wa Twitter. Haikuufunga. Iliubana hadi kilobiti 130 hivi kwa sekunde, kasi ya kumkatisha mtu tamaa kabla picha moja haijafunguka. Mitambo iliyofungwa ndani ya kampuni za mawasiliano ilipewa kanuni nyepesi: jina lolote la tovuti lenye herufi t.co libanwe, kwa kuwa hiyo ndiyo anwani fupi ya viungo vya Twitter. Bahati mbaya t.co imo pia ndani ya microsoft.com. Imo ndani ya reddit.com. Imo hata ndani ya rt.com, tovuti ya shirika la utangazaji la serikali hiyohiyo ya Urusi. Zote zikaanza kujikokota.

Wengi wetu tukisikia kwamba serikali inadhibiti intaneti, huwa tunawaza chumba chenye maofisa wanaosoma jumbe za watu. Vyumba hivyo vipo, lakini kazi kubwa ya kila siku hufanywa na mtambo usioelewa chochote. Unatazama jina la mahali unakokwenda, unalilinganisha na orodha, unaamua. Mtu akijua jina hilo linaonekana wapi, ameshaelewa nusu ya sayansi yote ya udhibiti.

Simu yako ikitaka kufungua tovuti, kwanza huuliza namba yake. Kompyuta hazijuani kwa majina. Zinajuana kwa namba ziitwazo anwani za IP, na kazi ya kutafsiri majina kuwa namba hufanywa na seva za DNS. Kwa kawaida seva unayoiuliza ni ya kampuni yako ya simu. Kwa hiyo njia rahisi kuliko zote ya kuzuia tovuti ni kuiamuru kampuni hiyo idanganye: ijibu kwamba jina halipo, au itoe namba ya ukurasa wa onyo. Uturuki ilifanya hivyo Machi 2014 ilipoifungia Twitter. Haukupita muda, watu wa Istanbul wakaanza kuandika namba 8.8.8.8 kwenye kuta kwa rangi ya kupuliza. Hiyo ni seva ya DNS ya Google, na aliyeiweka kwenye simu yake alipata majibu ya kweli.

Serikali haikukaa kimya. Kabla ya mwezi huo kwisha, kampuni ya Türk Telekom ikautangazia mtandao wa ndani ya nchi kwamba njia ya kwenda 8.8.8.8 inapita kwake. Pakiti za watu, yaani vipande vidogo vya data vinavyosafiri mtandaoni, zikaishia kwa seva nyingine iliyojifanya kuwa ya Google.

Majina ya DNS yalikuwa tabaka la kwanza la udhibiti. Hapa tumeingia tabaka la pili, na kwangu ndilo la kustaajabisha zaidi. Intaneti ni muungano wa mitandao zaidi ya 70,000, na hakuna ramani moja inayoielekeza. Kila mtandao huwaambia majirani zake, kwa utaratibu uitwao BGP, ni anwani zipi unaweza kuzifikia, nao majirani huwaambia majirani zao. Utaratibu huu ulibuniwa na wahandisi waliokuwa wakiaminiana, na kwa miaka mingi mtu aliyetangaza njia isiyo yake aliaminiwa tu. Februari 24, 2008, Pakistan Telecom ilipewa agizo la kuizuia YouTube. Ikatangaza njia ya uongo, iliyokusudiwa kuwanasa watumiaji wa Pakistan peke yao. Tangazo hilo likavuja hadi kwa kampuni ya PCCW ya Hong Kong, nayo ikalisambaza bila kulihoji. Kwa kuwa lilikuwa mahususi zaidi kuliko lile la YouTube wenyewe, ruta za dunia, yaani mitambo inayoelekeza pakiti, zililipendelea, kama kanuni inavyotaka. Kwa muda wa saa mbili hivi YouTube ikatoweka sehemu kubwa ya ulimwengu, kwa amri iliyohusu nchi moja.

Tabaka la tatu ndilo lililowaponza Warusi. Siku hizi tovuti nyingi hutumia HTTPS, yaani usimbaji fiche: yaliyomo yamefichwa, na mtu wa katikati hawezi kuyasoma. Ni kama barua iliyofungwa ndani ya bahasha, ila juu ya bahasha lazima uandike inakokwenda. Simu yako hutamka jina la tovuti waziwazi kabla mazungumzo ya siri hayajaanza, kwa sababu seva moja huweza kuhifadhi tovuti nyingi. Mitambo ya udhibiti husoma maandishi hayo ya nje. Ule wa China una ufundi wake: haukai katikati ya njia bali pembeni, ukipokea nakala ya kila kinachopita, na ukiona kitu usichokipenda huzitumia pande zote mbili ujumbe bandia wa kukata mawasiliano. Kila upande hudhani ni mwenzake aliyekata. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba pande zote mbili zikiupuuza ujumbe huo, mazungumzo yaliendelea kama kawaida.

Upo mpango wa kulificha hata jina la juu ya bahasha. Teknolojia yake imekwishabuniwa, na jibu la China mwaka 2020 lilikuwa kuzuia muunganisho wowote uliotumia toleo lake la mwanzo, bila kujali unakwenda wapi. Tabia hiyo inajirudia kila mahali, nayo ndiyo hoja yangu kuu: kadiri siri ya mtumiaji inavyokaza, ndivyo mkono wa mdhibiti unavyokuwa mzito na kupiga ovyo. Wikipedia ilihamia HTTPS kikamilifu mwaka 2015. Kabla ya hapo, serikali iliyochukizwa na makala moja iliweza kuizuia hiyo moja. Baada ya hapo haikuona tena makala gani inasomwa. Ilibaki kuzuia yote au kuacha yote. Nchi nyingi ziliacha. Uturuki, Aprili 2017, ikaifunga Wikipedia nzima kwa sababu ya kurasa chache zilizohusu vita vya Syria, na ikaifungulia Januari 2020 baada ya uamuzi wa Mahakama ya Katiba.

Na yule asiye na mitambo ya gharama kubwa kama ya China au Urusi? Huyo huruka hatua zote na kuzima kila kitu.

Hiyo ndiyo hadithi ya kwetu. Siku ya uchaguzi wa Uganda, Februari 2016, ilizuiwa mitandao ya kijamii pamoja na huduma za kutuma fedha kwa simu. Watu wakapakua VPN kwa wingi, maana VPN huifunga safari yako yote ndani ya safari nyingine, na mtambo huona tu kwamba umekwenda kwa seva fulani ng'ambo. Miaka mitano baadaye serikali ilikuwa imejifunza. Januari 2021 ilianza na mitandao ya kijamii, na jioni ya mkesha wa kura ikazima intaneti yote kwa takribani siku 5. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa imetangulia: mtandao ulizimwa Desemba 31, 2018, siku moja baada ya uchaguzi, ukakaa hivyo kwa siku 20 hivi. Tanzania ilifuata Oktoba 29, 2025, siku ya kura, na nchi nzima ikakaa gizani kwa siku kadhaa. Katika hali hiyo VPN haikusaidii lolote. Nasema hivi kwa sababu bado wapo wanaoambizana kupakua VPN kana kwamba ni dawa ya kila ugonjwa. VPN huhitaji njia ya kupitia, na hapa njia yenyewe imeondolewa.

Huondolewaje? Misri ilitoa mfano unaosomeshwa hadi leo. Usiku wa kuamkia Januari 28, 2011, wakati maandamano yakipamba moto, kampuni kubwa za intaneti nchini humo zilifuta matangazo yao ya BGP, moja baada ya nyingine, katika muda wa dakika chache. Njia kama 3,500 zikatoweka kwenye ruta za dunia. Hakuna mkongo uliokatwa na mwanga uliendelea kupita ndani ya nyuzi, ila ruta za nje hazikujua tena namna ya kuifikia Misri. Kampuni moja, Noor, iliachwa hewani kwa siku chache zaidi. Miongoni mwa wateja wake lilikuwamo soko la hisa. Shirika la OECD lilikadiria kwamba siku 5 za kuzimwa huko ziliigharimu nchi walau dola milioni 90.

Mamlaka hupenda kusema kwamba ni hitilafu ya kiufundi. Mhandisi aliye nje huweza kuupima usemi huo bila kuomba ruhusa ya mtu. Mradi wa IODA wa Marekani huangalia matangazo ya BGP, huzituma pakiti za kubisha hodi kwa anwani za kila nchi, na husikiliza takataka za intaneti: kompyuta zenye virusi hurusha pakiti ovyo duniani usiku na mchana, kwa hiyo nchi ikizimwa hata takataka zake huacha kufika. Mkongo halisi ukikatika, dalili huwa tofauti. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM iliharibika kwa pamoja, na Tanzania, Malawi na Msumbiji zikaumia sana huku Kenya ikijikongoja kupitia njia nyingine. Samaki na nanga haviheshimu mipaka ya nchi, wala havisubiri saa 1 kamili ya jioni.

Mkesha ule wa kura nchini Uganda, agizo lilisema saa 1 kamili ya jioni. Tunajua kwa sababu barua ya mamlaka ya mawasiliano kwa kampuni za simu, inayoagiza malango yote ya intaneti yafungwe, ilionekana hadharani. Kwa hiyo kitufe kinachotafutwa si cha chuma. Ni leseni. Kampuni inayoshika masafa na lango la kimataifa hufanya hivyo kwa kibali kinachoweza kufutwa kesho yake, na kampuni zenyewe katika nchi zetu ni chache kiasi kwamba simu nne au tano zinatosha kumaliza kazi.

Ubora wa barua ni kwamba inaweza kupelekwa mahakamani. Januari 2019, Zimbabwe ilipozimiwa mtandao, kampuni ya Econet iliwatumia wateja wake ujumbe mfupi wa simu ukitaja ni ofisi gani iliyoagiza. Mawakili wakalichukua agizo hilo hadi Mahakama Kuu, na Januari 21 jaji akaamua kwamba waziri aliyelitoa hakuwa na mamlaka hayo kisheria. Wabunge wanaopitisha sheria za mawasiliano Dodoma, Nairobi, Kampala na Kinshasa waongeze kifungu kimoja tu: agizo lolote la kuzima lisomwe redioni siku hiyohiyo, likiwa na jina la aliyelitia saini na kifungu cha sheria alichokitumia.