Damu Inaporuka Mguuni

Panga likiteleza wakati wa kuchonga mtumbwi au kufyeka shamba la muhogo, mara nyingi hupiga mguu. Jeraha laweza kuwa dogo. Lakini ndani ya paja upo mshipa mkubwa wa damu. Mshipa huo hushuka kutoka kwenye kinena, hupita upande wa ndani wa paja, kisha nyuma ya goti. Ndio unaoulisha mguu mzima.

Ukikatwa, damu nyekundu sana huruka kwa kufuata mapigo ya moyo. Mtu aweza kufa kwa dakika chache. Usikimbilie majani wala majivu. Weka kitambaa safi juu ya jeraha, kandamiza kwa mikono miwili na kwa uzito wako wote. Usifunue kutazama. Mgonjwa alale chali, afunikwe nguo. Kama kisu kimebaki ndani, usikichomoe. Kandamiza pembeni yake.

Damu ikikataa kusimama, funga juu ya jeraha, upande wa kinena, kwa kitambaa chenye upana wa vidole vinne. Usifunge kwenye goti. Pitisha kijiti, kizungushe mpaka damu ikome. Mgonjwa atapiga kelele, maana inauma sana. Usilegeze. Andika saa uliyofunga. Kamba ya nyavu haifai, hukata nyama.

Sasa liko jambo ambalo wengi hawalijui. Kijana mmoja aliletwa zahanati asubuhi. Alichomwa kisu pajani jioni iliyotangulia. Nduguze walipaka majivu, damu ikakauka, wakalala. Nilipogusa mguu, ulikuwa baridi kama samaki. Pale juu ya mguu, kamba ya ndala inapopita, sikupata mapigo. Vidole havikucheza. Nyama isiyopata damu huanza kufa baada ya saa 6 hivi. Hospitali waliukata mguu ule.

Kwa hiyo linganisha miguu yote miwili. Je, mmoja ni baridi, umepauka au una ganzi? Je, paja linazidi kuvimba? Basi ondokeni usiku huo huo. Kwa sisi wa Kihagara, hospitali ipo Liuli. Wakiona lazima, watampeleka mbele kwa daktari mpasuaji, ambaye aweza kuunga mshipa kwa kipande cha mshipa wa mguu mwingine. Zahanati hatuwezi kazi hiyo. Tutakandamiza, tutampa maji ya mshipani na sindano ya pepopunda. Habari ya nani alimchoma itasubiri: mmoja aende polisi kufuata PF3, wengine wambebe mgonjwa.