Saa mbili angani, siku nzima njiani: Hesabu ya safari kutoka Juru hadi Dar

JURU, Nakivale. Kwenye ramani, Mbarara na Dar es Salaam zinatenganishwa na kilomita 1,180 hivi kwa mstari ulionyooka. Ndege ya moja kwa moja kutoka Entebbe hadi Dar hutumia takriban saa mbili. Lakini kwa mchuuzi wa Juru anayefuata mali Kariakoo, saa hizo mbili ni sehemu ndogo tu ya safari.

Uwanja mdogo wa Nyakisharara, Mbarara, hauna ndege za kwenda Dar, hivyo abiria hulazimika kwenda Entebbe. Atenge saa mbili kutoka Juru hadi Mbarara, saa tano za basi hadi Kampala, kilomita 270 hivi, na saa mbili za foleni hadi uwanjani. Aongeze saa tatu za ukaguzi, mbili za angani na moja ya kutoka uwanjani Dar. Jumla ni saa 15.

Kwa barabara, njia hupita Masaka, Mutukula, Kahama, Singida, Dodoma na Morogoro. Ni zaidi ya kilomita 1,600, na mwenye busara hupanga siku mbili. Ndege inaokoa siku moja ya biashara, ila nauli ni kubwa na uzito wa mizigo una kikomo. Kwa hiyo hata aliyepanda ndege, marobota yake hufuata kwa lori.

Mpakani Mutukula, kituo cha huduma za pamoja kilichozinduliwa Novemba 2017 kimeondoa haja ya kukaguliwa mara mbili. Mzigo usiozidi dola 2,000 unaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasili bila ushuru wa forodha. Hapa ndipo wengi hunaswa: cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Simu au nguo za China hazigeuki kuwa za Tanzania kwa sababu zimenunuliwa Kariakoo.

Nakivale, iliyoanza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950, ina wafanyabiashara wengi kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inawaruhusu kutembea na kufanya kazi nchini. Kuvuka mpaka ni jambo jingine. Mkimbizi anahitaji hati ya kusafiria inayotokana na Mkataba wa 1951, na ni vyema aulizie viza kabla ya kukata tiketi. Raia wa Uganda huvuka hata kwa kitambulisho tu katika baadhi ya mipaka ya Jumuiya. Jirani yake wa Juru hana njia hiyo ya mkato.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo isisahaulike. Kwa asiye na karatasi, Dar iko mbali kuliko kilomita zozote.