Santuri Njema Haifungiwi Kabatini

Wahenga walisema kizuri kula na nduguyo. Wengi wetu huukumbuka usemi huo tunapopakua chakula, lakini ni wachache wanaoukumbuka inapofika zamu ya muziki. Mtu hununua santuri kwa jasho lake, huifuta vumbi kila Jumamosi, na mgeni akiuliza, "Hiyo ni ya bendi gani?" hujibu kwa mkato, kisha hufunga kabati na kutia ufunguo mfukoni.

Mzee mmoja wa Magomeni, Dar es Salaam, mstaafu wa shirika la reli, alikuwa mtu wa namna hiyo kwa zaidi ya miaka 20. Anazo santuri kubwa na ndogo zipatazo 300, zimesimamishwa wima kabatini kama vitabu vya maktaba. Zamani alikuwa mkarimu. Lakini siku moja aliazimisha albamu ya Mbaraka Mwinshehe kwa rafiki yake wa kazini, nayo ikarudi na mkwaruzo mrefu uliopita katikati ya wimbo alioupenda kuliko zote.

"Tangu siku ile nilijiapiza," alituambia. "Mwenye hamu na aje aketi hapa asikilize. Lakini santuri haitoki nje ya mlango huu."

Waliokuja kuketi wakapungua mwaka hadi mwaka. Mwishowe alibaki akisikiliza peke yake, huku watoto wake wakipita barazani na visikizi vyao masikioni, kila mtu na wimbo wake. Waliishi nyumba moja, wakala chungu kimoja, lakini hawakuwa na wimbo hata mmoja wa pamoja.

Kilichomgeuza mzee huyu ni masikio yake mwenyewe. Alianza kuona kwamba matasa ya ngoma hayasikiki tena, na kwamba gitaa la solo likipanda juu linafifia na kupotea. Alidhani sindano imechakaa, akanunua nyingine. Hali haikubadilika. Hospitalini aliambiwa kwamba masikio yanapozeeka, sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kuaga.

"Nikawaza," alisema, "nikishindwa kuzisikia, nitawaachia wanangu sahani nyeusi tupu, wasizojua zina nini ndani."

Ndipo alipofungua kabati. Sasa, kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, majirani hukusanyika barazani kwake baada ya saa tisa alasiri. Sharti ni tatu tu. Kila mtu aje na albamu moja, si mbili. Kabla haijapigwa, aeleze kwa nini anaipenda. Na ikishaanza, watu wafunge vinywa hadi upande uishe.

KILA MMOJA NA YAKE

Siku tuliyofika, mwenyeji ndiye aliyefungua. Alitoa santuri ndogo ya Les Wanyika yenye wimbo "Sina Makosa", uliorekodiwa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1970. Hakusifu sauti za waimbaji. Alisema, "Sikilizeni besi la Tom Malanga. Hilo bado nalipata lote." Vijana waliokuwapo walishangaa wimbo ulipokatika katikati ya utamu na mzee akainuka kugeuza. Ikabidi waelezwe kwamba santuri ndogo haikutosha wimbo mrefu wa dansi, hivyo wimbo uligawanywa pande mbili. Upande wa kwanza hubeba maneno, na wa pili ndio unaochemka magitaa.

Aliyefuata ni mama mmoja fundi cherehani. Yeye alileta kanda ya "Songs for the Poor Man", albamu ya Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila iliyotolewa mwaka 1989 baada ya kurekodiwa Uingereza, katika studio ya mwanamuziki Peter Gabriel. Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978, na alipofariki mwaka 2010 alikuwa mwenyeji kiasi kwamba hadi leo kuna kituo cha basi Sinza kinachoitwa Kwa Remmy. Lakini mama huyo hakuanza na hayo. Alisema kanda ile alipewa na mteja aliyekosa fedha ya kulipia gauni.

"Nilikasirika," alikiri. "Nikaiweka tu ili nisikie nimelipwa kitu gani. Nilipoifikia 'Karola' nilikuwa nimesimamisha cherehani. Yule mteja hanidai wala simdai."

Mwalimu mstaafu alileta "Mario", santuri ya Franco na TPOK Jazz ya mwaka 1985. Mwalimu alieleza kwamba alicheza wimbo huo kwa miezi mingi bila kujua hata neno moja la Kilingala, mpaka jirani Mkongo alipomwandikia maana yake kwenye daftari. Ndipo alipotambua kwamba alikuwa akicheza kisa kizima cha nyumbani: kijana msomi, mwenye vyeti vyake, anayekaa kulishwa na mwanamke tajiri aliyemzidi umri, na mwanamke huyo sasa amechoka.

Baada ya upande kuisha, baraza liliwaka moto. Mwalimu alidai kwamba Franco aliwaonya vijana wavivu. Mama fundi cherehani akamjibu, "Na yule mama je, Mwalimu? Alipomchukua hakujua ni mvivu?" Mabishano yalidumu hadi chai ilipoletwa. Hapo ndipo tulipoona faida ya kusikiliza kwa pamoja: wimbo uliokuwa wa miguu tu uligeuka kuwa mazungumzo ya watu wazima kuhusu ndoa, kazi na heshima, mbele ya vijana waliohitaji kuyasikia.

DESTURI YA TANGU ZAMANI

Asidhani msomaji kwamba kikao cha Magomeni ni jambo geni. Muziki katika pwani hii umeenea kwa kusikilizana tangu enzi za gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa lugha ya Kiswahili. Gramafoni ilikuwa chombo cha wachache, lakini sauti ya Siti iliwafikia wengi, kwa kuwa mwenye mgahawa wa kahawa alipoweka santuri, mtaa mzima ulikuwa msikilizaji wake.

Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV ilileta Afrika mfululizo wa santuri zenye alama GV, nyingi zikiwa za muziki wa Kuba. Vijana wa mijini walizipenda, wakaonyeshana, wakajifunza magitaa kwa kuzirudia. Si ajabu basi kwamba bendi ya Salum Abdallah ya Morogoro iliitwa Cuban Marimba. Mtu mmoja alinunua santuri dukani, kumi wakaisikia, na mmoja wa hao kumi akaunda bendi.

Katika miaka ya 1970, bendi zetu zilirekodi nyimbo zao katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo leo imo ndani ya Shirika la Utangazaji Tanzania. Nyimbo hizo zilihifadhiwa kwenye kanda za redio na kurushwa hewani, lakini nyingi hazikupata kuwa santuri. Bendi iliyotaka santuri mara nyingi ilibidi ifunge safari hadi Nairobi. Kwa hiyo msikilizaji aliupata wimbo kwa njia mbili: vipindi vya salamu, ambamo alimchagulia nduguye wimbo na kumtumia kwa jina, au kuweka kanda tupu kwenye redio kaseti na kuunasa wimbo hewani, huku akiwaombea watoto wanyamaze. Kanda hiyo ilizunguka kwa shangazi, kwa jirani, ikapanda basi la mkoani. Nyumba nyingi zilimjua mwimbaji bila kumiliki hata santuri yake moja.

KUAZIMA NA KUAZIMISHA

Wapo watakaosema, "Siku hizi kila wimbo umo kwenye simu, kuna haja gani ya kupendekezewa?" Haja ipo, na pengine imezidi. Mtu aliyewekewa sahani mia mezani kwa pamoja hajui aanze na ipi. Anahitaji mwenzake amwambie, "Onja hii kwanza, najua utaipenda." Simu itakuletea unaofanana na ule uliousikia jana, jirani atakuletea usioujua kabisa, na atakaa nawe hadi uishe.

Kwa wenye santuri na kanda, wazoefu wa kikao kile walitupa nasaha zifuatazo. Santuri ishikwe ukingoni na katikati, vidole visiguse mifereji. Isiachwe juani wala kulazwa chali moja juu ya nyingine, kwani hupinda. Kanda iwekwe mbali na spika, kwa sababu sumaku huiharibu. Anayeazima aandikwe kwenye daftari kwa jina na tarehe, si kwa kutoaminiwa, bali kwa sababu kusahau ni kwa binadamu wote. Na anayeazimisha aazimishe kwa moyo mweupe, akijua kwamba kitu kinachotumika huchakaa.

Nasaha hiyo ya mwisho ilitolewa na mwenyeji mwenyewe, na ilimtoka kwa uzito. Rafiki aliyemkwaruzia santuri aliomba radhi mara mbili, akakataliwa mara mbili. Wakaacha kusemezana. Rafiki alifariki kabla hawajapatana, na mzee alikwenda mazishini akasimama nyuma ya watu kama mgeni.

"Nilihesabu santuri yangu," alisema, "sikumhesabu mtu."

MWANA NA BABA

Wa mwisho kupendekeza alikuwa kitinda mimba wa nyumba hiyo, kijana fundi umeme ambaye miezi iliyotangulia alikuwa akipita tu. Siku hiyo aliunganisha simu yake na spika, akasema kwa haya, "Baba, hii ni 'Fusing the Roots' ya Siti and the Band, vijana wa Unguja, ya mwaka 2018. Ninaipenda kwa sababu ni ya kisasa lakini haijasahau kwao."

Mzee aliinama karibu na spika. Fidla ilimpita, alikiri baadaye, lakini ud aliipata. Aliomba wimbo urudiwe, kisha akamwuliza mwanawe maswali mfululizo: nani anapiga kanuni, nani anaimba, kwa nini anaitwa Siti. Kijana akamjibu yote, na kwa zamu yake akasimuliwa habari za Siti binti Saad, ambaye hakuwa amepata kusikia sauti yake. Walizungumza hivyo hadi majirani wakaanza kuaga.

Kabla hatujaondoka, mzee alikwenda kabatini, akatoa ile albamu ya Mbaraka yenye mkwaruzo, akampa mwanawe.

"Iweke wewe," alimwambia. "Ikifika pale itaruka. Usiikemee, iache ipite."

Ikafika, ikaruka, ikaendelea. Kijana aliomba kwenda nayo chumbani kwake kwa juma moja. Mzee akafungua daftari, akaandika jina la mwanawe na tarehe, akamkabidhi.

Ndugu msomaji, Jumapili ni leo. Bila shaka ipo nyumbani kwako albamu moja ambayo mwenzako hajapata kuisikia. Mwite, mweleze kwa nini unaipenda, kisha nyamazeni pamoja hadi upande uishe. Naye akija na yake, hata kama ni ya aina usiyoizoea, mpe masikio yako maadamu ungali nayo.